Wiki ya Kutochekeshana

Sheria inamhesabu mke wangu Tausi kuwa mlemavu kazini, maadamu bangili inayopima huzuni yake ni ya buluu. Ndiyo inayompa zamu fupi na kiti cha dirishani. Ikikutwa nyeupe siku ya kipimo, atarudishwa kwenye zamu ndefu zilizomlaza kitandani mwaka mzima. Kwa hiyo wiki ya kipimo hatuchekeshani nyumbani. Hata paka hupelekwa kwa jirani.

Leo asubuhi, saa mbili kabla ya kipimo, nilimkuta jikoni akisukuma chapati huku akiimba taratibu. Bangili ilikuwa ikififia kama anga la alfajiri.

"Baba Shani," aliniambia, "leo nimeamka mwepesi."

Neno hilo nimeliombea miaka miwili. Nikamshika mkono, nikaanza kumkumbusha mazishi ya mama yake.