Barua Kutoka Mji wa Kondoo

Mzee kutoka Wales, aliyepofushwa na kisukari, alimpa Loice barua aliyoandikiwa na dadake. "Nisomee, sista."

Loice alikuwa nesi wake hapo hospitalini Doha. Majuma mengi mzee alimsimulia mji wao mdogo na soko lake la kondoo la kila Jumatano. Kwa miaka mia sita, hata vita havikulifunga.

Barua ilisema limefungwa. Mazizi yamebomolewa ili pajengwe supamaketi.

Loice alimgeukia mzee. "Anasema Jumatano iliyopita kondoo walijaa hadi mlangoni pa kanisa."

Mzee aliupapasa mkono wa Loice, akahisi karatasi ikitetemeka.

"Dadangu hajawahi kunidanganya," akasema taratibu. "Sasa nisomee alichoandika."

Loice akavuta kiti, akaanza upya.