Kidole Tumbo cha Pili

Binadamu ana kidole tumbo kimoja. Kwa mujibu wa daftari la hospitali, Faraj Hamoud alitolewa viwili.

Justus, tabibu kijana aliyeletwa kutoka bara, aliisoma mistari ile mara tatu. Mwaka 1984: Faraj Hamoud wa Kisauni, miaka thelathini na mmoja, jipu la kidole tumbo, amepasuliwa. Mwaka 1987: Faraj Hamoud wa Likoni, jipu lile lile, amepasuliwa tena, miaka ishirini na miwili. Kila akipasuliwa, bwana huyu alizidi kuwa kijana.

Ijumaa Justus angesoma utafiti wake wa majipu ya kidole tumbo mbele ya madaktari wakubwa, na wakiupenda, angepelekwa kusomea udaktari. Daftari halikuwa na mahali pa kuandika kama mgonjwa ni mwanamume au mwanamke, kwa hiyo alihesabu kwa majina: wanaume arobaini na watatu, wanawake sita. Sababu alikwishaiandika. Wanaume wa pwani huogopa kisu, hungoja mpaka kidole tumbo kitunge usaha. Maneno hayo yalimpendeza sana. Lakini Faraj huyu mmoja angetosha kumfanya achekwe na kurudishwa kufunga vidonda.

Alimuuliza Stambuli, karani wa mlangoni. Stambuli akajibu kwamba yeye huandika jina analopewa na aliyemleta mgonjwa. Zaidi ya hapo haulizi, kwani alilelewa akaleleka.

Basi Justus akaenda Kisauni, nyumbani kwa Faraj mwenye duka la vitambaa, akapokewa kwa kahawa na haluwa. Faraj alikuwa mtu wa miaka hamsini na ushei, mwenye ndevu nyeupe. Justus alipotaka kumjua kwa jina aliyepika haluwa ile, apate kumshukuru, Faraj alisema wa nyumbani amekwisha sikia, yatosha.

Kupasuliwa mwaka 1984 alikukubali mara moja. Kovu alikataa kulionyesha.

"Na mara ya pili, mzee wangu? Themanini na saba?"

Kahawa ilimpalia Faraj. Alitazama pazia la mlango wa ndani.

"Sema polepole, mwanangu," alinong'ona. "Ndiyo, na mara ya pili. Kudra za Mungu."

Justus hakuweza kusema polepole. Mtu mwenye vidole tumbo viwili, na ni yeye aliyemgundua! Akafungua karatasi yake, akasoma kwa sauti ya furaha: Faraj Hamoud, mkaazi wa Likoni, miaka ishirini na miwili.

Pazia likafunguka. Sheikha, mke wa Faraj, alimwamkia mgeni kwa upole, kisha akamgeukia mumewe.

"Lililopasuliwa themanini na nne ni tumbo langu, ukaandikisha jina lako nisitajwe mbele ya wanaume," alisema. "Hili la Likoni ni tumbo la nani?"