Ulimi wa Nabalayo

Kwa miaka kumi na tisa Nabalayo alikuwa mwonjaji wa sosi ya nyanya katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, na hakuwahi kusema uongo juu ya ladha. Asubuhi hiyo meneja mpya, aliyeletwa na kampuni ya ng'ambo iliyonunua kiwanda, alimwekea vibakuli viwili.

"Hii ni ya nyanya zetu. Hii ni ya rojo la nyanya linaloletwa kwa mapipa kutoka nje; tangu ushuru upunguzwe, ni bei rahisi. Niambie ukweli, mama. Ipi tamu?"

Alionja ya kwanza. Ikamkwaruza koo kidogo, kama kawaida yake. Akaonja ya pili, kisha akairudia akiitafutia kasoro. Ilikuwa nzito, laini, tamu hadi mwisho wa ulimi.

Dirishani aliwaona akina mama wanaochambua nyanya uani, mikono myekundu hadi viwikoni. Mmoja wao alikuwa wifi yake. Kila alfajiri wawili hao walitoka mtaani Mukuru pamoja kwa miguu.

Alijisikia mchovu kuliko jioni yoyote.

"Ya kwanza," akasema.

Meneja hakuandika neno. Alifunika kalamu yake.

"Asante, mama. Ukitoka, waambie wale wa uani waje ofisini wachukue barua zao za kuachishwa kazi; ziliandikwa jana. Wote."