Chupa Arobaini za Mzee Senkoro

Wiki sita baada ya mazishi, ini la Mzee Senkoro lilikuwa na afya njema kuliko siku zote alizoishi nalo. Mjane wake, Bi Namkunda, alifika maabara kudai kipande walichokikata kwa uchunguzi, akakizike pamoja na mwenyewe.

“Mama, seli zake bado zi hai,” Daktari Lwiza alisema kwa fahari. “Zimezaana, zimejaa chupa arobaini. Tunazilisha kila baada ya siku mbili.”

“Mwenyewe alikufa wodini hapo akisubiri dawa, mwanangu. Hizi hazikosi hata mlo mmoja?”

Daktari akaanza kukagua viatu vyake.

Bi Namkunda alilisogelea kabati la joto zilimopangwa chupa hizo, akatengeneza mtandio, akagonga kioo taratibu.

“Hodi, Baba Tumaini,” akasema, akasubiri.