Mbwa Kwenye Mlango wa Keeley

Pikelet alimgusa Marnie gotini kwa mguu wa mbele, akageuka, akakimbia hadi mlango wa chumba cha Keeley. Akaketi hapo, masikio juu.

"Umeona mwenyewe, Bi Tranter?" Keeley alisema. "Mchana, usiku, kazi yake ndiyo hiyo. Mbwa kichaa huyu."

Bi Tranter, msimamizi wa hosteli za chuo, alimkazia mbwa macho. Alikuwa amesimama katikati ya jiko la wasichana hao wawili, koti la mvua bado mwilini. Muziki wa Keeley ulikuwa ukinguruma kwenye spika kubwa iliyowekwa sakafuni, kando ya mlango wake. Marnie hakuusikia. Aliuhisi tu kwenye viganja vyake, juu ya meza.

Marnie alipoteza uwezo wa kusikia akiwa na miaka tisa, kwa homa ya uti wa mgongo. Aliongea vizuri, na midomo ya watu aliisoma vizuri zaidi. Lakini mwaka jana moshi ulijaa chumbani kwake, king'ora kikalia, naye akaendelea kulala mpaka jirani alipovunja mlango. Baba yake alimruhusu kurudi chuoni kwa sharti moja: awe na mbwa wa kumsikilizia. Mbwa akiondoka, Marnie naye anarudi shambani Scottsdale, kuchambua viazi.

"Tumjaribu mara ya mwisho," Bi Tranter alisema, akimgeukia Marnie ili aione midomo yake. "Akishindwa, anaondoka leo."

Alitoka nje akabisha hodi. Pikelet akaacha mlango wa Keeley, akamgusa Marnie, akamwongoza hadi mlango wa nje. Bi Tranter akarudi, akategesha kengele ya oveni. Ilipolia, mbwa akamgusa tena, akampeleka kwenye oveni. Marnie alipoketi tena, mbwa akarudi palepale mlangoni kwa Keeley.

"Kumbe kazi anaijua," Bi Tranter alisema.

"Anaijua akitaka!" Keeley alidakia. Alikuwa ameuegemea mlango wake, ndani ya fulana kubwa ya kijivu ya kaka yake, mikono ameikunja kifuani. "Ana tamaa tu huyo. Nina soseji humo ndani."

"Soseji zibaki, kwa ulaji wako huo?" Marnie alisema. "Jana ulifuta sufuria nzima ya tambi, dada."

Bi Tranter nusura acheke. Keeley hakucheka.

Hilo ndilo lililomuuma Marnie. Waliporudi kutoka likizo, Keeley ndiye aliyeomba kuhamia kwake. "Haifai kiziwi aishi peke yake," aliwaambia watu wa ofisini, na kila mtu akamsifu kwa moyo wake. Siku za mwanzo walicheka pamoja hadi mbavu kuuma. Kisha Pikelet, aliyechelewa kupatikana, akaletwa, na Keeley akabadilika. Akawa anakula chumbani, anasomea chumbani, na akitoka ni kwenda kulalamika kwa Bi Tranter.

Wala Pikelet hakuwa mgeni wa kazi. Alikuwa amemtumikia mama mmoja kiziwi kule Devonport, tangu watoto wa mama huyo wakiwa wachanga mpaka walipoanza shule. Hakuwahi kukosea.

"Pikelet, njoo!"

Mbwa alikuja. Akamgusa goti, safari hii kwa nguvu, akarudi kwenye mlango uleule. Alikuwa anatetemeka.

"Basi, imetosha." Bi Tranter alitoa simu mfukoni. "Pole, binti yangu. Nampigia mkufunzi wake aje amchukue."

Marnie alisimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake. "Subiri! Huyu hakufundishwa kunusa. Hana habari na soseji. Anafuata sauti, Bi Tranter. Sauti tu!"

"Sauti gani?" Keeley alisema. "Muziki wangu?"

"Muziki ameuzoea. Halafu spika yako iko huku nje. Mbona yeye anautazama mlango?"

Bi Tranter alishusha simu. Aliutazama mlango, akaitazama spika.

"Zima hicho kitu, Keeley."

"Nitazima mkishaondoka."

"Zima sasa hivi."

Keeley hakusogea. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Bi Tranter akaguna, akainama azime mwenyewe. Hapo Keeley akakunjua mikono, akamrukia amshike mkono, akachelewa.

Meza ikatulia chini ya kiganja cha Marnie.

Yeye hakusikia kitu. Alimwona Bi Tranter ameganda vilevile alivyoinama, sikio limeelekea mlangoni, simu ikimponyoka. Aliiona midomo ya Keeley ikisema, "Tafadhali, tafadhali." Na kwenye ile fulana ya kijivu, pale mikono ilipokuwa imeziba muda wote, aliona madoa mawili ya maziwa yakipanuka, moja kulia, moja kushoto.