Mchi wa Mkubwa

Katika mji ule, manjano ya bibi harusi huanza kutwangwa na mwanamke mkubwa kuliko wote katika ukoo. Mama wa bwana harusi, ambaye alikuwa mgeni, aliuchukua mchi akampelekea Bi Zuwena, aliyekaa kitini na mkongojo wake, soda mkononi.

"Tufungulie, bibi."

Wanawake waliangua kicheko. Bi Zuwena hakucheka.

"Mimi mdogo. Dada yangu ni yule."

Akaelekeza mkongojo mlangoni. Bi Mashavu alikuwa akiingia na ndoo ya maji kichwani, shingo imenyooka.

"Yule? Nilidhani binti yako!"

Bi Mashavu alitua ndoo, akajifunga kanga kiunoni. "Huyu nimembeba mgongoni, mwanangu," alisema, akaupokea mchi. Ukapanda, ukashuka, kinu kikaitika.

"Unakula nini, bibi?" mgeni aliuliza.

"Dona langu na mchicha wangu, na shambani naenda kwa miguu. Huyu mdogo wangu, tangu mwanawe anunue gari, hata kwa jirani hupelekwa."

Vigelegele vikapasua ua. Bi Zuwena aliitazama mikono ile isiyotetemeka, mikono ya mama yao kabisa. Akaiweka soda chini, akauegemeza mkongojo ukutani, akasimama.

"Nipishe, dada."

Bi Mashavu alisogea kidogo, lakini mchi hakuuachia. Mikono minne ikaushika, ukaanza kupanda.