Fomu ya Mume Wangu

Mume wangu aliacha kanisa miaka sita kabla ya kufa. Jumapili aliyoacha alinisindikiza mpaka geti la kanisa, akanirekebishia kola.

"Mimi naishia hapa, mke wangu. Wasalimie."

Alikuwa amegundua kwamba nabii aliyeanzisha kanisa letu alioa wake wengi kwa siri, jambo ambalo mume wangu, mwalimu wa Shule ya Jumapili, aliwaambia watu ni uzushi. Hakuweza kuwatazama tena usoni, akaomba jina lake lifutwe kanisani.

Sisi Wamormoni hubatizwa hekaluni kwa niaba ya wafu wetu walio nje ya kanisa, ili tuwe nao milele, kwa hiyo alinionya huku akicheka: "Nikifa usinichovye tena majini. Nitapiga chafya malaika wakose usingizi."

Mwaka ulipotimia tangu tumzike, dada mmoja wa kanisani aliniletea fomu ya hekaluni ya kuandikisha wafu wabatizwe.

"Mwandike shemeji, dada. Hutaki muwe pamoja milele?"

"Nataka mpaka naumwa."

"Sasa unasubiri nini?"

Niliandika herufi mbili za jina lake. Nikazikata kwa mstari mmoja.

"Alisema hapana, dada."

Kanisani bado ninaenda, na ninamwombea. Fomu ilirudi bila jina.